Kifuko cha maharagwe kinamfundisha mtoto nini ambacho mpira haumfundishi

Mtoto wa miaka mitatu akirushiwa mpira, mara nyingi hunyoosha mikono miwili iliyokakamaa, hufumba macho na kugeuza uso pembeni. Mpira unamgonga kifuani, unadunda, unaondoka. Hapa Goma, ambako uwanja wa shule mara nyingi ni mawe ya volkano yaliyosawazishwa kidogo kwa koleo, mpira ulioponyoka hauna adabu: unagonga jiwe hili, unakatisha kwenda kule, unateremka hadi barabarani penye pikipiki. Mtoto anamaliza kipindi akiukimbiza mpira, na watu wazima wanasema, "Huyu bado hajui kudaka."

Kweli hajui, na hakuna ajabu. Kudaka kunaonekana ni tendo moja, lakini ndani yake mna kazi nyingi zinazopaswa kufanyika kwa pamoja, na mpira unamdai mtoto zote kwa mkupuo. Kifuko kidogo cha kitambaa chenye maharagwe ndani kinamruhusu azijifunze moja baada ya nyingine. Wengi wanakiona ni kitu cha shule isiyo na pesa ya kununua mipira. Mimi naamini hata shule yenye mipira ishirini stoo ingefaa ianze na vifuko kwa watoto wa maternele, wale wa miaka mitatu hadi mitano, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Kitu kinaporushwa kutoka umbali wa mita mbili kwa mkono wa chini, yaani mkono ukitokea chini kwenda juu, kinakaa hewani kama nusu sekunde. Ndani ya muda huo macho yakifuate, ubongo ukadirie kitafika wapi na saa ngapi, mikono itangulie kufika pale, vidole vifunge visiwahi wala visichelewe, na wakati wote huo miguu iuzuie mwili usianguke. Macho hayafanyi kazi hiyo peke yake. Ndani kabisa ya kila sikio mna mirija mitatu yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka au kuinama. Na ndani ya misuli na viungo mna vihisio vinavyoeleza mkono uko wapi hata ukiwa umefumba macho. Ndivyo vinavyokuwezesha kushika pua yako gizani. Mtoto wa miaka mitatu anazo taarifa zote hizi. Anachokosa bado ni wepesi wa kuziunganisha, na wepesi huo huja kwa kurudia tendo mara nyingi mno.

Ndiyo maana kudaka kunapitia hatua zinazofanana kwa watoto karibu wote. Kwanza mtoto ananyoosha mikono tu na kusubiri kitu kimfikie. Karibu na miaka minne anaanza kukikumbatia: kinamfika kifuani naye anakibana kwa mikono yote miwili. Kwenye miaka mitano au sita ndipo wengi wanaanza kukipokea kwa viganja peke yake, bila msaada wa kifua. Umri huo ni wa kukadiria. Mtoto aliyecheza sana hutangulia, aliyefungiwa ndani huchelewa. Kule kufumba macho na kugeuza uso ni mwili kujilinda. Aliyewahi kupigwa usoni na mpira mgumu ataendelea kufumba macho kwa muda mrefu, na asiyeona hawezi kudaka. Hofu inazuia zoezi, na kukosa zoezi kunaikuza hofu.

Kifuko kinaukata mzunguko huo kwa sababu hakiumizi, na kwa sababu kinabaki pale kilipoangukia. Hili la pili ni sayansi nyepesi. Mpira ukigonga chini unabonyea kisha unarudi umbo lake, na nguvu ile inaurusha upya. Kifuko kikigonga chini, punje za maharagwe zinasuguana na kusukumana ndani, msuguano unaimaliza nguvu ya mwendo, kinatulia. Mkononi ni vivyo hivyo: kinalala kwenye kiganja badala ya kudunda kutoka humo, kwa hiyo vidole vinapata muda zaidi wa kufunga. Tena kiganja cha mtoto wa miaka minne hakiwezi kuuzunguka mpira wa kawaida, ila kinaweza kufumbata konzi ya kitambaa.

Nauthamini zaidi ule utulivu wake chini. Mtoto akirusha kifuko kuelekea beseni kikaishia hatua moja kabla, kinabaki hapo na kumwonyesha: umerusha kifupi. Anakiokota, anaongeza nguvu, kinapita beseni, kinabaki tena. Katika mirusho michache anajisahihisha mwenyewe bila mwalimu kusema neno. Mpira ungekuwa umeshabingirika na kuondoka na jibu hilo.

Sasa utengenezaji, maana hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Kwa mtoto wa maternele kifuko kiwe cha mraba wa sentimita 10 hadi 12, kizito kama gramu 100 au 120. Wale watu wazima wa Marekani wanaoshindana kutumbukiza vifuko kwenye tundu la ubao wanatumia vyenye uzito wa karibu gramu 450. Cha namna hiyo kikimwangukia mtoto kichwani kitamuumiza. Usikijaze hadi kikaze. Acha kama robo yake iwe tupu, kilegee, kiweze kulala juu ya kichwa au bega bila kuteleza. Kitambaa kiwe kigumu kiasi. Mabaki ya jinzi ni mazuri sana, na mafundi wa cherehani huwa na mabaki ya vitenge ambayo ukiomba kwa heshima hupewa. Shona kifuko cha ndani kwa mshono wa mara mbili, kisha ukivike cha nje kinachoweza kuvuliwa na kufuliwa.

Kilo moja ya maharagwe hutoa vifuko vinane. Darasa la watoto arobaini, wawili kwa kifuko kimoja, linahitaji kilo mbili na nusu. Najua mama mmoja atauliza, na ana haki ya kuuliza: kweli tushonee chakula ndani ya kitambaa, katika mji huu, ambako kuna nyumba zinazokula mara moja kwa siku? Jibu langu ni kwamba si lazima yawe maharagwe ya kupika. Yaliyozeeka yakagoma kuiva hata ukiyachemsha kutwa yanafaa kabisa, na wauzaji sokoni huwa nayo. Mahindi makavu nayo yanafaa, uzito wake unakaribiana na wa maharagwe. Mchanga sikushauri: kwa ujazo uleule una uzito wa karibu mara mbili, na unavuja kwenye kila tundu la sindano. Kokoto za volkano ndizo mbaya zaidi, hata kama zimejaa mlangoni bila malipo. Zina ncha kali, zitakata kitambaa kwa siku chache na uso wa mtoto kabla ya hapo.

Kuna mbegu ambazo hazifai hata kidogo. Mbegu za mbarika, ule mmea unaoota wenyewe kando ya njia, zina sumu kali inayoweza kuua mtoto aliyezitafuna. Vilevile zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo wengine hutungia shanga. Hata maharagwe yetu, hasa mekundu, yakiwa mabichi yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemshwa vizuri. Punje chache zilizotafunwa mbichi zinatosha kumtapisha mtoto na kumharisha. Kwa hiyo kifuko kilichochanika kinatoka mchezoni papo hapo na punje zinaokotwa zote. Walio chini ya miaka mitatu, ambao bado wanapeleka kila kitu mdomoni na hata puani, wasiachwe peke yao na vifuko.

Kabla ya kushona, kausha punje kwenye sufuria juu ya mbabula wenye makaa machache, ukizigeuzageuza. Joto hilo linaua fukusi na mayai yao na linazuia punje kuota. Haliziondolei sumu, kwa hiyo bado si za kuliwa. Ziache zipoe kabisa ndipo uzitie, la sivyo mvuke utabaki ndani na kuleta ukungu. Na mvua ya Goma ikikikuta kifuko nje, kianike siku hiyohiyo. Maharagwe yaliyolowa yanavimba, yananuka, na kushona upya ni lazima.

Vifuko vikishakuwa tayari, usianze na kurusha. Anza na kubeba. Mtoto aweke kifuko kichwani atembee. Kwa nje ni jambo jepesi, lakini fuatilia uso wake: macho yanatazama mbele badala ya chini, shingo inanyooka, hatua zinafupika. Mirija ile ya sikioni na misuli ya shingo vinafanya kazi kwa pamoja. Kisha ongeza sharti: kifuko kikianguka, mwenyewe anaganda palepale kama alivyo, hana ruhusa ya kukiokota, mpaka mwenzake aje amwokotee huku yeye mwokotaji akiwa na cha kwake kichwani. Tazama msichana wa miaka mitano anavyofanya. Kiuno hakiinami. Anapiga magoti taratibu, mgongo wima, mkono unapapasa chini wakati macho yanaangalia mbele, vidole vinagusa kitambaa, kisha anainuka kwa mapaja yote mawili yakitetemeka kidogo. Hakuna mazoezi ya mapaja yatakayoyashinda hayo, na ameyafanya kwa hiari kwa sababu rafiki yake amesimama anasubiri kukombolewa.

Mchezo wa pili ni wa mbio. Weka mabeseni manne kwenye pembe nne za uwanja, kila moja lina vifuko vitano, kila kundi lina beseni lake. Ukipiga filimbi, kila mtoto anakimbia kuchukua kifuko kimoja kutoka beseni lolote la wengine na kukileta kwao. Kimoja tu kwa safari, na kinawekwa, hakirushwi. Hapa watoto wanapenda kuitana chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa Goma wenye usukani, kila mmoja na mzigo wake, na wengine hutoa sauti ya magurudumu ya mbao. Baada ya dakika moja au mbili, filimbi tena, kila kundi lihesabu. Hakuna atakayeshinda kwa muda mrefu, maana ukijaza beseni lako ndipo wanapokujia wote. Mtoto anaongeza mwendo, anajizuia ghafla, anainama, anageuka, anaamua aende wapi, tena anaamua upya akiona beseni limekwisha. Kuhesabu kunakuja kwa uchu: "Madamu, sisi tuko na saba!"

Kurusha kuna jambo ambalo wazazi na hata walimu wengi wanaligeuza. Tunampa mtoto shabaha ndogo na kumwambia alenge vizuri. Matokeo yake anaogopa kukosa, anasimama miguu pamoja, anasukuma kifuko kwa kiwiko tu. Mwili mzima umelala. Mtoto mdogo anajifunza kurusha vizuri zaidi anapoambiwa arushe kwa nguvu na mbali kuliko anapobanwa kwenye shabaha. Hapa tuna bahati ya kuta. Parseli nyingi, yaani viwanja vya nyumba, zimezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Simamisha watoto mita mbili au tatu kutoka ukutani, wamepeana nafasi, waambie waupige kifuko kisikike. Kile kishindo cha kitambaa juu ya jiwe kinawafurahisha mno, na kwa kukitafuta wanaanza wenyewe kuzungusha bega na kupiga hatua.

Hatua hiyo nayo ina mlolongo wake. Kwanza mtoto anarusha miguu ikiwa imeganda. Baadaye anapiga hatua kwa mguu wa upande uleule wa mkono unaorusha, na mwili unajifunga. Mwisho ndipo anagundua mguu wa upande wa pili: anayerusha kwa kulia anatanguliza kushoto, na kiuno kinapata nafasi ya kujizungusha. Ukitaka kumsaidia, usimpe hotuba. Chora alama ya unyayo kwa chokaa mbele ya mguu wake wa kushoto, au weka kifuko kingine chini akivuke kwa mguu huo anaporusha. Wa mashoto umgeuzie alama, na tafadhali usimlazimishe mkono wa kulia. Beseni na shabaha zije baadaye, kwanza karibu na kubwa, kisha mbali.

Kudaka nako kuna mpangilio. Adondoshe kifuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ajirushie mwenyewe, kisipite kimo cha macho, akidake. Kisha kipite kichwa kidogo. Kisha apige kofi moja kabla hakijashuka. Akizoea ndipo arushiwe na mwenzake kutoka hatua moja, mkono wa chini, kwa mpindo unaofika usawa wa macho ili akione njia nzima. Angalia pia rangi: kifuko cheusi au cha kahawia mbele ya ukuta wa volkano kinapotea machoni. Njano au nyekundu inaonekana vizuri.

Nitasema wazi kuhusu foleni, kwa sababu ndiyo inayoharibu vipindi vya michezo kuliko ukosefu wa vifaa. Darasa la watoto arobaini, beseni moja, kila mtoto anatumia sekunde tano kusogea na kurusha. Mzunguko mmoja ni sekunde 200, zaidi ya dakika tatu. Katika kipindi cha dakika 20 kila mtoto atarusha mara sita, yaani atakuwa amejishughulisha nusu dakika na kusimama muda wote uliobaki. Kisha tunashangaa wakisukumana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu kama kukimbia na kuruka. Foleni haiwezi kutufikisha huko. Vifuko ishirini mikononi mwa jozi ishirini vinaweza.

Dosari nyingine ya namna hiyo ni kutoa watoto mchezoni. Anayekosa anakaa pembeni, na wa kwanza kukaa ni yuleyule ambaye mikono yake inahitaji zoezi kuliko wote. Badala ya kumtoa, alipe kwa kuruka mara tatu kwa mguu mmoja kisha arudi. Mtoto anayetumia kigari au asiyeweza kukimbia abebe kifuko mapajani, awe mlinzi wa beseni kwenye mchezo wa makundi, arushe akiwa ameketi. Kwa asiyeona vizuri, funga njuga ndogo ndani ya kifuko cha nje ili asikie kinapotua.

Haya yote si mageni kwetu wala kwa wengine. Watoto wa Tanzania wanacheza rede: wawili wanarushiana mpira wa matambara, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Kwenye mdako jiwe linarushwa juu, na kabla halijashuka mkono umeshakomba mengine chini. Macho juu, vidole chini, kazi ngumu kweli. Japani kuna otedama, vifuko vidogo vya kitambaa ambavyo kwa desturi vilijazwa maharagwe madogo ya azuki, na mabibi waliwafundisha wajukuu kuvirusha kwa nyimbo. Katika sikukuu za michezo za shule zao kuna mchezo ambao kapu linainuliwa juu ya mti mrefu na kundi zima linarusha kwa pamoja mpaka muda uishe. Huo ningependa kuuona kwenye kila uwanja wa Goma: mti mmoja, kapu moja, na hakuna anayesubiri zamu.

Mchezo mmoja tu ningeubadilisha jina. Kwingineko watoto wanaambiwa sakafu ni lava, waruke kutoka kifuko hadi kifuko wasiungue. Zoezi lenyewe la kuruka ni zuri. Lakini Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wetu, ililipuka Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na kuna familia zilizokimbia na watoto mgongoni usiku huo. Kaka na dada wa hawa wa maternele wanakumbuka. Sema ni mto, au ziwa, vifuko ni mawe ya kuvukia, na hakuna kitu kitakachopungua kwenye mchezo.

Na mpira? Uje pale mtoto anapodaka kifuko kwa viganja bila kukibana kifuani, kutoka mita mbili, mara nyingi kuliko anavyokikosa. Anza na mpira laini wa matambara au mifuko iliyofungwa kamba. Rudi nyuma hadi umbali wa hatua moja, maana kitu kipya kinarudisha hofu kidogo, na uubingirishe kwanza, kisha uudundishe mara moja ndipo umrushie hewani. Akianza tena kufumba macho, mrudishie kifuko kwa wiki moja au mbili.